Madonge ya Bibi na daftari la mwaka 1908

Nyumbani kwetu Morogoro, Jumapili ilikuwa siku ya chakula cha kwao Mama. Siku nyingine tulikula kama majirani wote: ugali, wali maharage, mchicha, dagaa. Jumapili Mama alishika jiko mwenyewe, na kuanzia saa nne asubuhi nyumba nzima ilijaa harufu ya vitunguu vinavyoiva taratibu. Mama ni Mhungari, mzaliwa wa Pécs, mji wa kusini mwa Hungaria. Baba ni Msambaa wa Lushoto. Walikutana mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Gödöllő, karibu na Budapest, Baba alipokwenda kusoma kilimo enzi zile nchi za kijamaa zilipokuwa zikiwafadhili vijana wengi wa Kiafrika. Mwaka wake wa kwanza wote ulikuwa wa kujifunza Kihungari, lugha isiyo na undugu na Kijerumani, Kiromania wala lugha za Kislavi zinazoizunguka. Aliishika barabara. Mpaka leo wakitaka kuzungumza jambo ambalo wageni wasilisikie, yeye na Mama wanahamia huko.

Nimekuwa nikifuatilia ukoo wa Mama kwa muda mrefu sasa, na watu huniuliza nilianzia wapi: kwenye mtandao, ubalozini, kanisani? Nilianzia jikoni kwa bibi yangu. Naandika haya nikiwafikiria wenzangu wengi wa Afrika Mashariki, watoto na wajukuu wa waliosoma Budapest, Prague, Sofia au Moscow, walioambiwa kwamba upande ule hakuna cha kutafuta. Kipo. Ila karatasi zina tabia ya kunyamaza mpaka uzifikie ukiwa na jina sahihi na kijiji sahihi, na hivyo viwili mara nyingi hukaa kwa wapishi.

Basi nianze na chakula chenyewe.

Wageni wakisikia mapishi ya Kihungari husema gulyás. Gulyás ni supu, chakula cha wachunga ng'ombe wa nyanda za Hungaria, kinachopikwa kwenye chungu cha chuma kilichoning'inizwa juu ya moto. Kinachofanana na rosti yetu ya nyama ni pörkölt. Vitunguu viwe vingi, hata nusu ya uzito wa nyama, vikatwe vidogo sana, vikaangwe kwa moto mdogo bila haraka. Vikishalegea kabisa na kung'aa, sufuria inaepuliwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Paprika, yaani unga wa pilipili nyekundu, ina sukari ndani yake. Ikikutana na mafuta yenye moto mkali inaungua papo hapo, na mchuzi unakuwa mchungu, rangi ya kahawia badala ya nyekundu. Kwa hiyo sufuria chini, paprika ndani, koroga, maji kidogo mara moja, ndipo urudishe jikoni na kutia nyama. Nyama iive kwa maji yake yenyewe, na yakikauka unaongeza kidogo tu, kamwe isiogelee. Kisibiti kidogo, chumvi, basi. Shangazi zangu wakija na binzari mkononi, Mama aliwashukuru kwa adabu zote, akaiweka kabatini.

Pilipili hiyo ilitoka Amerika kama mihogo na mahindi yetu, ikaingia Hungaria zama za utawala wa Waturuki. Kwa muda mrefu unga wake ulikuwa mkali. Mwaka 1859 ndugu wawili wa mji wa Szeged, akina Pálfy, walibuni njia ya kutoa mbegu na nyuzi za ndani, ambako ukali unakaa, kabla ya kusaga, na ndipo paprika tamu ikapata soko kubwa. Katika mji huohuo Albert Szent-Györgyi alitumia paprika kupata vitamini C kwa wingi, na mwaka 1937 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Baba, akiwa mtu wa kilimo, hawezi kula pörkölt bila kumtaja Szent-Györgyi. Paprika yetu ilikuja kwa posta, ndani ya mfuko wa kitambaa ulioshonwa na Bibi, nasi tuliiweka kwenye kopo la bati mahali penye giza, maana mwanga unaifuta rangi.

Vingine vilitafutiwa mbadala. Kwa kuku wa paprika panatakiwa krimu iliyochachushwa. Mama alichukua mtindi mzito, akautundika ndani ya kitambaa safi usiku kucha mpaka maji yote yakadondoka, akauchanganya na unga kidogo usije ukakatika, kisha akamwaga kwenye mchuzi dakika za mwisho. Kuku wa kienyeji anachukua muda mrefu kuliko kuku wa Ulaya, lakini mchuzi wake una nguvu zaidi, na hilo hata Bibi alipokuja kututembelea alikubali. Mbegu za mpopi hatukupata kamwe. Mahali pa jozi (walnut) tulisaga korosho.

Lakini zao moja halikuhitaji mbadala, nalo lilitoka kwa Baba. Lushoto kuna baridi, na plamu zinastawi. Msimu ukifika, babu yangu wa huko alituletea ndoo nzima kwa basi, na Mama alipika szilvás gombóc: viazi vinachemshwa na maganda, vinamenywa vikiwa moto, vinapondwa, vinakandwa na unga na yai. Unakata kipande cha donge, unaweka plamu iliyotolewa kokwa, ndani ya plamu sukari na mdalasini, unafunga, unaviringisha, unachemsha. Yakielea juu, yanatolewa na kugaragazwa kwenye chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi. Mdalasini wa Zanzibar ni mkali na mtamu, na Bibi alirudi Pécs na mfuko mzima.

Bibi na Baba walipendana kwa namna ambayo bado hunifurahisha kuikumbuka. Katikati ya Pécs, kwenye uwanja wa Széchenyi, lipo kanisa Katoliki ambalo lilijengwa kama msikiti na Pasha Kasim katika karne ya 16. Juu ya kuba lake vipo vyote viwili, mwezi mwandamo na msalaba, na ndani mihrabu bado inaonekana ukutani. Siku Baba alipofika kutambulishwa nyumbani, kijana Mwislamu kutoka milima ya Usambara, Bibi alimchukua kwanza mpaka pale, akamwonyesha mihrabu, kisha ndipo wakaenda kula. Alitaka mkwe wake ajue kwamba mji huu umeshawahi kuswaliwa. Na alipoelezwa kuhusu nguruwe, ambaye mafuta yake ndiyo msingi wa jiko la Kihungari, alinunua sufuria mpya na mafuta ya alizeti, akaifunga sufuria ile kwa utepe mwekundu ili asiichanganye na nyingine. Sufuria hiyo ninayo mimi sasa.

Nilipokwenda Pécs kusoma chuo kikuu nilikaa kwake. Aliishi Uránváros, mtaa wa maghorofa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi ya madini ya urani, alikofanya kazi marehemu babu. Mlangoni kulikuwa na kibao chenye jina la babu na mwishoni silabi moja, -né, inayoonyesha kwamba anayekaa humo ni mke wa mtu huyo. Jina lake yeye halikuwepo popote, wala la kupewa wala la ukoo. Ndivyo wanawake wengi wa Hungaria walivyoandikwa kwa vizazi, na anayetafuta ukoo lazima alijue hilo mapema. Bahati nzuri madaftari ya serikali na ya kanisa hayakuwafuta: mama wa mtoto huandikwa humo kwa jina lake la kuzaliwa.

Nilimuuliza Bibi mara nyingi kwao ni wapi. "Pécs," alisema. Na wazazi wake? "Pécs, mjukuu wangu. Wachimba makaa." Alikuwa msemaji mkubwa kwa kila jambo, bei za sokoni, siasa, ugonjwa wa jirani, lakini hapo alifunga mlango.

Kilichonishtua ni chakula. Siku za baridi Bibi alipika supu ya maharage, na pamoja nayo hakuleta mkate. Alileta madonge makubwa meupe ya ngano na hamira, laini juu kama pamba, chini yana ukoko wa dhahabu wenye chumvi. Mama hajawahi kuyapika Morogoro. Wenzangu wa chuo kutoka mashariki mwa nchi walikuwa hawajayaona. Siku moja nilimsimulia mama mmoja mzee aliyekuwa akituuzia jibini sokoni, naye hakufikiri hata kidogo. "Hayo ni ya Waswabi," alisema. "Bibi yako ametoka vijiji vya Kijerumani."

Waswabi ndilo jina wanaloitwa Wajerumani wa Hungaria, ingawa wengi wao hawakutoka Swabia, eneo la kusini-magharibi mwa Ujerumani. Baada ya Waturuki kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, na Pécs yenyewe kutwaliwa mwaka 1686, maeneo makubwa ya kusini yalibaki matupu. Wenye ardhi na utawala wa ukoo wa kifalme wa Habsburg wakawaita wakulima wa Kijerumani, wakashuka Mto Danube kwa mashua za mbao na kuanza upya porini. Wana msemo wao kuhusu vizazi vitatu vya mwanzo: wa kwanza alipata kifo, wa pili dhiki, wa tatu mkate. Katika mikoa ya Baranya na Tolna vijiji vizima vilizungumza Kijerumani kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Sikumwuliza Bibi tena mezani. Nilisubiri siku ya madonge.

Nieleze yanavyopikwa, kwa sababu mapishi haya yana kimya ndani yake. Unga, maziwa ya uvuguvugu, hamira, yai, chumvi. Unakanda mpaka unga unaachia mikono, unaufunika, unaumuka, unakata madonge na kuyaacha yaumuke tena. Kwenye sufuria pana yenye kitako kizito unatia mafuta na maji yenye chumvi, kimo cha kidole, unapanga madonge, unafunika. Kuanzia hapo mfuniko hauguswi. Ukifunua, mvuke unatoka, madonge yanashuka na hayainuki tena. Huwezi kuona chochote, kwa hiyo unasikiliza. Mwanzoni maji yanachemka na sauti ni nzito, inabubujika. Yakianza kuisha sauti inakuwa nyembamba. Kisha kinakuja kimya kifupi, na baada yake mafuta yanaanza kukaanga: ukoko unashika. Bibi aliinamisha kichwa, sikio karibu na mfuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kupiga kelele jikoni.

Mikono yake ilipokuwa kwenye unga nilimwambia maneno ya yule mama wa sokoni. Aliendelea kukanda. Alikanda kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaanza kusema, akiwa ananiangalia mikono badala ya uso.

Baba yake alizaliwa kijijini, mashariki mwa Baranya, si mbali na kijiji cha Feked. Akaja Pécs kijana kuchimba makaa ya mawe, akabadilisha jina la ukoo kwa kuwa enzi hizo mwenye jina la Kijerumani alisukumwa kila upande achukue la Kihungari. Bibi alizaliwa mjini, lakini kila likizo alipelekwa kijijini kwa baba yake mkubwa, na huko kila mtu aliongea Kijerumani cha kijiji. Mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka tisa, alikuwa kijijini wakati orodha ilipobandikwa. Jina la baba mkubwa lilikuwemo, la mkewe na la watoto wao.

Sheria ya Desemba 1945 ilisema waondolewe wale ambao katika sensa ya 1941 walijitaja kuwa Wajerumani au kuwa lugha yao ya mama ni Kijerumani, pamoja na waliojiunga na Volksbund, chama cha Wajerumani wa Hungaria kilichofuata siasa za Hitler, au SS, kikosi cha chama cha Hitler, na waliorudia majina ya Kijerumani. Treni ya kwanza iliondoka Budaörs, kando ya Budapest, tarehe 19 Januari 1946. Mpaka mwaka 1948 karibu watu 200,000 walikuwa wameondolewa, kwanza kwenye eneo la Ujerumani lililoshikwa na Wamarekani, baadaye kwenye lile la Wasovieti. Kila mtu aliruhusiwa mizigo ya kilo 100, na serikali iliandika mpaka chakula: kilo 20 kwa kila mtu, yaani kilo 7 za unga, mkate au tambi, kilo 1 ya mafuta, kilo 2 za nyama, kilo 2 za kunde na kilo 8 za viazi. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi na kila mara inanikaba koo. Bibi hakuwahi kuisoma. Alichokumbuka ni kwamba mke wa baba mkubwa alioka mikate usiku kucha na kuwakataza watoto kugusa hata mmoja.

Waswabi wapo waliomfuata Hitler kwa hiari, na ni haki kulisema hilo. Miaka mitatu kabla ya treni ya baba mkubwa, mwezi Julai 1944, Wayahudi wa Pécs walipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, na wengi sana hawakurudi. Bibi aliwakumbuka hao pia. Alinitajia duka lililofungwa mtaani kwao. Lakini mtu aliyeng'olewa mwaka 1947 kwa sababu miaka sita kabla alimjibu karani wa sensa kwamba nyumbani anaongea Kijerumani, huyo sijui aitwe mkosaji wa nini. Na nyumba zao hazikukaa tupu. Waliowekwa humo walikuwa nao ni watu waliopoteza makwao: Waszékely, jamii ya Wahungari waliotangatanga kutoka Bukovina, na Wahungari waliotolewa Czechoslovakia. Kusini mwa Hungaria kuna meza nyingi ambazo kila aliyekaa hapo kwa zamu alikuwa analia.

Baba yake Bibi alibaki kwa sababu mgodi ulimhitaji. Kuanzia hapo mama yake akakataza Kijerumani ndani ya nyumba. Madonge hakuyakataza. "Mama alisema lugha inasikika barabarani," Bibi aliniambia. "Chakula kinaliwa mlango umefungwa."

Kisha akasema tunyamaze, asikilize sufuria.

Siku zile nilimpigia Mama simu Morogoro. Mama, aliyezaliwa na kulelewa na mwanamke huyu, hakuwa anajua neno hata moja la habari hiyo. Alilia, kisha akaniuliza kipimo cha hamira.

Tukaanza kutafuta wote wawili, yeye Morogoro, mimi Pécs, kila mmoja na kompyuta yake. Hungaria ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo kiserikali tarehe 1 Oktoba 1895. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya makanisa. Picha za madaftari mengi zinasomeka bure kwenye tovuti ya ukoo ya FamilySearch ukijiandikisha, na nakala ndogo za filamu zipo pia kwenye Nyaraka za Taifa za Hungaria mjini Budapest. Bibi alikuwa ameijua siku ya kuzaliwa ya baba yake, mwaka 1908. Tulifungua daftari la kijiji tukitafuta jina la ukoo tunalolijua. Halikuwepo mwaka mzima. Tukafuata tarehe. Siku ile alizaliwa mtoto mmoja tu wa kiume, jina lake la ukoo la Kijerumani kabisa, na pembeni, kwenye nafasi ya nyongeza, karani mwingine mwenye mwandiko mwembamba alikuwa ameandika mwaka 1934 kwamba kwa idhini ya Wizara ya Mambo ya Ndani mwenye cheti hiki sasa anaitwa jina ambalo Bibi alizaliwa nalo. Mstari mmoja wa wino, na nyuma yake ukoo mzima uliokuwa umefichwa.

Kwa wanaotafuta Hungaria, nafasi hiyo ya nyongeza isirukwe kamwe. Watu wengi sana walibadilisha majina kati ya miaka ya 1880 na ya 1930, Wajerumani, Wayahudi, Waslovakia, na bila maandishi hayo utakwama mlangoni ukidhani ukoo wako uliota kama uyoga.

Kurudi nyuma zaidi kulitaka uvumilivu. Vitabu vya parokia za Kikatoliki viliandikwa Kilatini mpaka miaka ya 1840 hivi, ndipo Kihungari kikashika nafasi. Mtu mmoja, ambaye nyumbani aliitwa Johann, padre alimbatiza kitabuni kama Joannes, na padre wa baadaye akamwandika János. Ukitafuta kwa tahajia moja utampoteza. Sisi tulishika vitu viwili: namba ya nyumba, ambayo mapadre wengi waliiandika, na wasimamizi wa ubatizo. Wasimamizi hawabadiliki ovyo. Mume na mke walewale husimama kwa watoto wote wa nyumba moja, kisha watoto wao husimama kwa wajukuu, na ukifuata hao unajua kwamba uko kwenye nyumba yako hata majina yakifanana.

Mama ndiye aliyefika kwenye vifo. Mwaka 1831 kipindupindu kilipita Hungaria nzima, na kurasa za mwaka huo zinajaa haraka kuliko za mwaka mwingine wowote. Miaka ya kawaida pia ina huzuni yake: mtoto Anna anafariki Februari, mtoto mwingine anazaliwa mwaka unaofuata anaitwa Anna tena. Kwetu Usambara mtoto hupewa jina la babu au bibi ili jina lisife. Huko jina lilirudishwa kwa mdogo wake aliyefuata. Mama alikuwa akisoma kurasa hizo usiku na kunitumia ujumbe: "Leo nimempata Anna wa tatu. Huyu amekua. Ameolewa." Furaha yake ilikuwa ya mtu aliyepokea habari za jana.

Ndoa moja ya mwanzo kabisa kwenye kitabu cha parokia inamtaja bwana harusi kuwa ametoka nchi ya abasia ya Fulda, katikati ya Ujerumani. Tulipomsomea Bibi kwa simu, Mama akiwa Morogoro, mimi nikiwa pembeni ya kitanda chake hospitalini, aliuliza swali moja tu: kama huko nako wanapika madonge. Vijiji vya eneo lake vina soseji kavu, stifolder, ambayo inabeba jina la nchi hiyohiyo ya Fulda na bado inatundikwa kwenye maghala ya Baranya mpaka leo. Baba hajawahi kuionja na hataionja, lakini historia yake anaisimulia vizuri kuliko mimi.

Bibi alifariki majira ya kuchipua. Kila tarehe 1 Novemba makaburi ya Hungaria hujaa maua ya krisanthemamu na mishumaa, na mwaka ule nilikwenda pia kaburini kwa wazazi wake, mahali ambapo alikuwa hajawahi kunipeleka. Wajukuu wa baba mkubwa tumewapata Saxony, mashariki mwa Ujerumani, eneo walikoshushwa wengi wa treni za 1947 na 1948. Mmoja wao alikuja Pécs na picha ya arusi ya mwaka 1929. Bibi harusi kwenye picha hiyo ana pua ya Mama yangu.

Upande wa Baba hakuna daftari. Kuna babu yangu mdogo wa Lushoto, anayetaja mababa mmoja baada ya mwingine mpaka unaishiwa vidole, na anajua nani alihamia bonde gani na kwa ugomvi gani. Nilipomsimulia habari za Bibi alisema kile ambacho wazee wetu husema, kwamba mwacha mila ni mtumwa. Nilimheshimu, lakini sikukubaliana naye, nikamwambia. Mama yake Bibi aliiacha lugha ili mumewe asipandishwe treni. Alichoweza kubakiza alikibakiza, kwenye unga. Babu alifikiri, akasema basi huyo hakuacha, alificha, na kufichia watoto ni kazi ya mzazi.

Yupo Mhungari mmoja ambaye Wahungari humtaja mara tu wakisikia natoka Afrika Mashariki: Sámuel Teleki, aliyesafiri na Ludwig von Höhnel kutoka pwani yetu, kupitia Pangani, mwaka 1887, wakafika mwezi Machi 1888 kwenye ziwa walilolipa jina la mwana wa mfalme Rudolf, ambalo leo ni Turkana. Ziwa hilo lilikuwa na watu na majina kabla yao. Mimi nikiisoma safari ile nawafikiria wapagazi wa Zanzibar na Pangani, mamia ya watu wenye mizigo kichwani, ambao hawakuandikwa na padre wala karani. Wajukuu wao wapo, na bila shaka baadhi wanasoma hapa. Ukiwa na bibi au babu mkubwa pwani, Pangani, Bagamoyo au Unguja, aliyewahi kusikia habari za misafara, washa simu urekodi wakati anachambua mchele au anasuka ukili. Usimkalishe kwenye kiti na kumhoji kama polisi. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unapata ruhusa.

Kwetu kazi inaendelea. Mama ameiandikia hifadhi ya nyaraka ya dayosisi ya Fulda akiuliza habari za bwana harusi yule, kwa Kijerumani alichojifunza akiwa na zaidi ya miaka sitini, na shangazi yangu wa Lushoto amekubali nimrekodi Desemba msimu wa plamu ukianza. Vipimo vya madonge nitaviweka kwenye makala inayofuata, pamoja na aina ya sufuria inayofaa kwa jiko la mkaa, maana la gesi linaunguza ukoko upande mmoja.